Mkono Niliouondoa Kwenye Kitufe

Mwanga, Kigoma
14 Juni 2025

Kwa Baba yangu, Mzee Anatoli, Simbo.

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na lile goti la kulia limekupa nafasi ya kufika shambani na kurudi bila fimbo. Mama naye mpe shikamoo yangu, na umkumbushe kuwa dawa ya macho niliyompelekea ni matone mawili asubuhi na mawili jioni, si ya kunawia uso. Mimi ni mzima, nakula na nalala. Mihogo mliyonitumia ilifika salama, majirani wakanisaidia kuila, wakanibakizia kiroba.

Baba, nimepata na zile salamu zako nyingine. Umesema umesikia kwa watu wa Mwandiga kwamba nimempiga Mzee Mwinshehe, mwenye steshenari ninakofanya kazi, tena mbele ya wateja, na kwamba niende nikapige magoti kwake kabla ya Jumapili, la sivyo nisikanyage Simbo. Nimekuelewa neno kwa neno. Jibu langu ni kwamba siendi. Simwombi radhi, ng'o. Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba kesi haiamuliwi kwa maneno ya upande mmoja, kwa hiyo vaa miwani yako usome mpaka mwisho.

Unakumbuka masika ya mwaka jana yalivyotoboa paa la ofisi ya parokia yetu, kitabu cha ubatizo kikalala kwenye maji siku tatu. Katekista Martini alikianika, lakini kurasa zikawa zimegandana. Mwezi uliopita alikileta dukani nikichape chote kwenye kompyuta. Kila ukurasa anaubandua kwa kisu cha mezani, nao unatoka vipande vipande. Tulijaribu kupiga picha kwa simu, yakaonekana madoa ya bluu tu. Ni Martini peke yake anayeweza kuusoma, akiuinamisha kwenye mwanga wa mlangoni, kwa sababu mwandiko ni wa marehemu baba yake. Yeye anasoma, mimi nachapa. Ukurasa ukishasomwa ndiyo basi, unabaki makombo mezani. Na watu wanakitegemea kitabu hicho. Wapo wanaotaka kufunga ndoa, na wapo wenzetu ambao wazazi wao walitoka Burundi, kila ofisi wanaulizwa walizaliwa wapi, na karatasi nyingine hawana.

Kompyuta yenyewe ni kuukuu. Zénon, yule Mrundi aliyekuwa akifanya kazi hapa kabla yangu, ndiye aliyeiondolea Windows akaiwekea mfumo mwepesi wa Linux ili isichoke haraka. Kabla hajaondoka alinifundisha vitufe vya kuiokoa ikiganda, akaniandikia kwenye kipande cha boksi nilichokibandika chini ya meza. Alinisisitiza kwamba kuzima kwa nguvu ni njia ya mvivu. Lakini hapa mjini, Baba, dawa ya kila kitu ni zima uwashe. Simu ikigoma, zima uwashe. Redio ikikoroma, zima uwashe. Nadhani wangepata kitufe cha kuzimia wake zao wangekibonyeza pia.

Alhamisi ile, mchana nilipotoka kula, Mzee Mwinshehe alikaa kwenye mashine yangu akafungua video za mpira, sijui ngapi, akaondoka bila kuzifunga. Nikarudi, mimi na Martini tukaendelea na kazi. Ilipofika saa tisa mashine ikaganda. Mausi haisogei, kibodi haiandiki. Kwenye skrini kulikuwa na majina arobaini na moja ambayo sikuwa nimeyasevu, na kurasa zake zilikuwa tayari makombo mbele ya Martini. Martini akajishika kichwa.

Mzee akaja. Akasema wateja wanasubiri, mashine ni yake, izimwe iwashwe. Samson, fundi simu wa kibanda cha pili, naye akaja bila kuitwa, akaunga mkono, akaongeza kwamba msichana wa steshenari kazi yake ni kuchapa, ufundi awaachie wenye ufundi. Watu wakacheka. Nikawaeleza kwamba ikizimwa tu, majina yamekwenda. Mzee akasema yataandikwa tena, akapeleka kidole kwenye kitufe. Hapo ndipo nilipomshika mkono nikauondoa. Akaurudisha, nikausukuma, nikasimama mbele ya kitufe. Sikumpiga, Baba. Nilimwambia, mbele ya wateja haohao, kwamba mashine ni yake lakini majina si yake. Nakiri kwamba sauti yangu ilisikika mpaka sokoni.

Nikabonyeza kitufe cha herufi kubwa, kile chenye kitaa kidogo kijani. Kitaa hakikuwaka. Samson akasema mnaona, imekufa. Nikasubiri, na baada ya muda kitaa kikawaka. Basi nikajua mashine ni hai ndani, imezidiwa tu na mzigo. Nikashika Ctrl na Alt na F3 kwa pamoja, ndiyo njia ya kuingilia mlango wa nyuma. Dakika nne nzima hakuna kitu. Mzee ananifokea mgongoni, kwamba heshima imeniishia, kwamba nikitoka hapo nisirudi. Nikamjibu kwamba heshima si utumwa, na macho sikuyatoa kwenye skrini.

Skrini ikawa nyeusi, ikaniuliza jina langu. Nikaandika. Kila herufi ilichukua muda wake kutokea, nami nikazingoja zote. Nikaingia, nikaandika amri moja fupi ya kuzifunga zile video. Kisha nikashika Ctrl na Alt na F7 kurudi tulikotoka, na majina yote arobaini na moja yalikuwa pale yalipokuwa. Nikasevu, nikahamishia na kwenye flashi ya Martini. Haikupita hata dakika mashine ikaganda tena, safari hii mzima mzima, hata mlango wa nyuma haufunguki. Sasa sikuwa na cha kupoteza, lakini bado sikuwaachia kitufe chao. Nilishika Alt na Print Screen, nikabonyeza herufi sita za Zénon, moja moja, polepole, R, E, I, S, U, B. Ikajifunga yenyewe kwa utaratibu, ikawaka. Mzee hajanifukuza, ila ananisalimia kwa nyusi. Samson alikuja kesho yake asubuhi, hakuna watu, akaomba kunakili lile boksi.

Hayo yote ungeweza kuyasikia kwa Martini. Hili ninaloandika sasa halijui mtu ila yeye.

Mimi huwa nasevu kila baada ya majina kumi. Siku ile sikusevu, na kosa hilo ni langu, si la Mzee wala la video zake. Sikusevu kwa sababu jina la pili la ule mchana Martini alilisoma kisha akanitazama. Lilikuwa hili: Honorata, binti wa Anatoli na Veronika, wa Simbo, amebatizwa tarehe nane Septemba 1996. Nikalichapa. Nikaendelea kuchapa ya wengine huku sioni vizuri, na kusevu nikasahau kabisa.

Najua uliagiza jina hilo lisitajwe nyumbani. Najua Mama anaitwa Mama Happiness, na mbele za watu mnaniita kifungua mimba. Lakini Mama alinitajia mara moja, tunamenya mihogo, nina miaka kumi na minne, kwa sauti ya chini huku akiangalia mlango usije ukaingia. Aliniambia surua ilimchukua hajatimiza miaka miwili, kwamba hamkuwahi kumpiga picha, na kwamba alipozikwa sasa watu wengine wanalima mahindi. Sikuuliza tena, kwa sababu nilikuogopa.

Kwa hiyo saa ile, Baba, mahali pekee palipoandikwa kwamba dada yangu aliwahi kuwepo ni kwenye skrini iliyoganda, na kidole cha Mzee Mwinshehe kilikuwa njiani kwenda kumfuta. Wewe ungeuacha mkono huo upite?

Simwombi radhi. Ninayemwomba ni Mama, kwa miaka kumi na miwili niliyolijua jina nikakaa nalo kimya. Ndani ya bahasha hii nimeweka karatasi yenye mstari huo mmoja, nimeuchapa kwa herufi kubwa ili macho ya Mama yasisumbuke. Msomee kwa sauti. Ukishindwa, Martini aliyekuletea barua ataisoma, nimeshamwomba, na amekubali kukaa mpaka isomwe.

Jumapili nakuja Simbo. Magoti nitapiga, lakini ya shikamoo, mbele yako na mbele ya Mama. Ukinifungia mlango nitawasalimia dirishani. Nisalimie mdogo wangu Nehemia, mwambie asome, na majirani wote wanaoniulizia kwa wema. Wanaoniulizia kwa umbea nao wasalimie.

Ni mimi, mtoto wenu wa pili,
Happiness Anatoli