Kila Tangazo na Kata Yake

Kaka Masunga,

Mwadila. Najua ungeicheka salamu hii, maana Kisukuma changu ulikuwa unakiita cha stendi ya Bariadi.

Nimeipanga upya kompyuta yako. Usinune. Kila tulipoandaa ujumbe wa siku za josho wa kuwatumia wafugaji, ulikuwa unafungua mafaili ishirini kwa mpigo, yamejipanga pembeni mwa skrini mstari mmoja, yote yanaitwa "tangazo". Ukasema unayajua kama mfugaji anavyojua ng'ombe wake. Wewe, ndiyo. Mimi je? Sasa kila faili lililo wazi linakaa chini ya folda ya kata yake: la Sapiwi chini ya Sapiwi, la Kimali chini ya Kimali. Ukitupa jicho tu unajua unaandika wapi. Kazi inakwenda, na naifanya vizuri. Najisifu, ndiyo!

Lakini nilipomaliza nililia, Kaka. Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Tungeifanya mapema, lile kosa lisingetokea.

Niliandika siku ya josho ya Kimali ndani ya tangazo la Sapiwi, nikatuma. Watu wa Sapiwi wakaswaga ng'ombe tangu alfajiri, wakakuta josho halina dawa wala maji. Mzee Ngasa akapoteza ndama njiani kwa kiu. Alipokuja ofisini akifoka, ulisimama mbele yangu ukasema, "Ni mimi niliyetuma." Nami nikainamia kibodi kama vile hayanihusu. Hata msibani kwako mzee huyo hakuja. Nilijua kwa nini, nikanyamaza tena. Aibu gani ile!

Basi Jumatano nilipanda bodaboda mpaka Sapiwi. Nilimkuta Mzee Ngasa joshoni na wenzake, nikasema mbele ya wote kwamba aliyetuma ni mimi, wewe ulinifichia tu. Aligeuka akaendelea na ng'ombe wake. Nilirudi mjini.

Jana mkeo alinipigia simu. Mzee Ngasa amefika nyumbani kwako, kakataa hata kiti. Kaomba kwanza aonyeshwe kaburi lako.

Pumzika, ngosha, mwanamume wa kweli. Kuanzia sasa makosa yangu nayabeba mwenyewe.

Mdogo wako wa kazini,
Mbuke