Bamba la Mwisho la Wubbo Hidding

Mwaka umekatika, Baba, tangu ulipotuacha asubuhi ile ya Machi, buti zako zikiwa bado na tope mlangoni. Watu walisema tutazoea. Wapi.

Ulikuwa mtu wa nyika na kondoo. Ulitoka na bamba la shaba lililopakwa nta, ukachora kwa sindano hukohuko malishoni, upepo ukikupiga, na karatasini kila kitu kikatoka kimegeuka, cha kulia kushoto. Jirani yetu Lammert hakuacha kukuchokoza: "Wubbo, umenihamishia tena zizi langu ng'ambo ya barabara." Nawe ukamwambia ahamie huko, maana huko hakuna tope. Siku hizi hapiti karibu na dirisha la karakana yako. Anasema hawezi.

Uliacha bamba moja mezani, limeshachorwa lakini halijaingia kwenye asidi inayochimba mistari ndani ya shaba. Mama alikataza lisiguswe. Kila Jumamosi alilipangusa vumbi kwa unyoya wako wa bata bukini, polepole, kama anayepangusa uso wa mtoto. Kaka Berend alimwonya kwamba nta ikipasuka mchoro wote utapotea. Mama akaendelea kumenya viazi.

Mwezi uliopita nta ilibanduka kwenye kona. Mama akanitazama mimi, Hilje, uliyenifundisha. Nikalitia bamba kwenye asidi, Baba. Wewe hukutumia saa, ulitazama mapovu tu, ukinung'unika, "Bado. Bado." Nikaziba mawingu kwanza kwa vanishi asidi isiyafikie tena, kisha miti ya mbali, ili vibaki hafifu, nikawaacha kondoo wa mbele asidi iwale mpaka weusi ukolee. Ningekosea, basi, tungekupoteza mara ya pili.

Tulipolipaka bamba wino, tukaligandamizia karatasi na kuibandua, kondoo wako wote walikuwepo, na mvua inakuja kwa mbali. Picha ilitoka vizuri mno. Berend alinikumbatia. Mama akaketi kwenye kiti chako, akalia kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukilia.

"Nilikuwa nimekuwekea kazi," alikwambia wewe, si sisi. "Sasa huna cha kurudia."

Unakumbukwa na mkeo Aaltje, wanao Berend na Hilje, wajukuu zako, na Lammert na zizi lake. Tunakukumbuka leo, Baba, na tutakukumbuka daima.