Waya wa Msikitini

Tongoni,
Jumatatu, baada ya adhuhuri.

Kaka yangu Sabiri,

Shikamoo kaka, na assalaam aleykum. Natumai barua hii itakukuta mzima wa mwili, maana wa moyo najua hu mzima. Sisi huku kwa afya tunamshukuru Mungu, ila raha hatuna. Baba anakohoa kidogo, masika haijakatika, na yule mbuzi wako mkorofi kazaa mapacha. Habari njema ndizo hizo, zimeisha.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu umeizima. Tangu ulipotuma ule ujumbe kwamba hutashika waya tena maishani na Tongoni hutakanyaga, kila nikipiga naambiwa hupatikani. Basi nampa Nehemia, dereva wa lori la chumvi anayepita huko Singida, na nimemwapisha asiitoe ila mkononi mwako. Kaa kitako uisome yote. Usiikunje katikati kama ulivyozoea kunikatiza maneno.

Aliyekupa habari ya kifo cha Masoud alikupa nusu. Ilikuwa mchana, alasiri inakaribia, mawingu yameshuka mpaka juu ya mabati. Mimi nilikuwa nafunika kioo cha kabati kwa kanga, kama mama alivyotufundisha. Masoud, mwadhini wetu, alikuwa ametangulia msikitini apate kuadhini. Radi ikapiga ule mlingoti wa spika, kwa mlio ambao sijapata kuusikia. Tulipofika tulimkuta kwenye mabomba ya udhu, kalala ubavu, mkono mmoja umeloa mpaka kiwiko. Maji yalikuwa yanatoka tu, hakuna aliyethubutu kuyafunga. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Na nikwambie linaloniuma: amplifaya ni nzima. Spika nzima, antena ya intaneti ya madrasa nzima, hata ile taa yake nyekundu inawaka. Vyombo ulivyovikinga vimepona vyote, aliyekufa ni mtu. Ndipo midomo ikafunguka. Wakasema kabla Sabiri hajaleta waya wake wa kukinga radi, radi haikuwahi kuua hapa, ati waya ndio unaoiita. Anayesema zaidi ni Bi Mwatumu, mama yake Masoud, nami simlaumu, yule alikuwa kitinda mimba wake. Mkewe, Zuleha, yumo kwenye eda. Jina lako likitajwa hugeukia ukutani. Asiyekuwepo na lake halipo, kaka. Hukuwepo kujitetea, wakakubambikia kifo.

Nawe ukakipokea! Hiyo ndiyo hasira yangu. Fundi mzima, kutwa unapanda minara ya simu, umeshindwa kujiuliza radi ilifikaje kwenye bomba la maji?

Mimi nilijiuliza. Nilikuwepo siku ulipoufunga, mimi ndiye niliyekuletea chai. Ulizunguka msikiti wote na mtarimbo ukitafuta udongo, kila ukichoma ni jiwe la matumbawe, mpaka ukaingia makaburini, kando ya kaburi la mama, mtarimbo ukazama wote. Ukapigilia pale chuma cha kufungia waya, ukasema hapa pana unyevu, radi ikija itateremka na waya iishie ardhini, isimguse mtu wala chombo. Na kabla hujaondoka ulimwachia baba neno moja, kwamba waya ule usiachwe ukining'inia hata siku moja. Baba akaitikia.

Walipomaliza kumzika Masoud nilikwenda kaburini kwa mama kumsomea. Chuma hakipo! Pana kishimo tu, kimejaa maji ya mvua. Nikaufuata waya kwa macho. Unashuka ukutani vizuri kama ulivyouacha, halafu badala ya kwenda makaburini umepindishwa, umefungwa kwenye bomba la udhu. Tena kwa fundo la baba, lile lile analofungia mbuzi.

Nilimuuliza jikoni, wala hakubisha. Alisema siku ile unakipigilia chuma hukujua, naye aliona haya kukwambia mbele za watu, kuwa mahali pale alijiwekea yeye. Alipozikwa mama aliwaomba wazee wasimlaze mtu mwingine ubavuni mwake, na kila Ijumaa alikuwa akipapalilia. Wewe ulipoondoka, kila akienda anaona radi ndiyo imetandikiwa pale anapotaka kulala na mkewe. Alistahamili, mwisho akashindwa, akaking'oa kile chuma. Lakini agizo lako alilikumbuka. Hakutaka waya uning'inie. Akaona bomba ni chuma na limeingia ardhini, akaufunga hapo, akarudi nyumbani roho yake imetulia.

Akaniomba nisimwambie mtu mpaka afe. Nililia, kaka, wallahi nililia. Nikamwambia, baba, mficha maradhi kifo humuumbua, na hiki kimeshamfika mtoto wa watu. Sikumsemesha tena. Ijumaa, baada ya swala, akasimama mwenyewe mbele ya watu. Aliwaambia waya ni wa Sabiri lakini fundo ni lake. Kutoka hapo akaenda kwa Bi Mwatumu, mlango haukufunguliwa. Anakwenda kila siku, anakaa barazani kwao, anarudi. Mpaka leo haujafunguliwa.

Basi mzigo ule si wako, kaka. Utue. Lakini usidhani nimekuandikia kukupoza tu. Waya bado umefungwa pale pale na mvua inanyesha. Watu wanatawadha majumbani, ila watoto wa madrasa ni watoto, wakiona kiu watakimbilia bomba. Baba akiufungua tu utaning'inia, na hapa hakuna mwingine ajuaye kuurekebisha, na mgeni hawatamruhusu kuugusa.

Baba alichukua mtarimbo mwenyewe, na kifua kile, akazunguka kama ulivyozunguka wewe. Jiwe kila mahali. Jana akaniita kaburini kwa mama. Alikuwa ameshang'oa majani ya pale mahali pake, amepasafisha. Amesema ukija chuma ukirudishe hapo hapo, na mara hii ukizamishe mtu asiweze kukitoa. Yeye siku yake ikifika azikwe kule mwisho, ukutani, na wewe usimbishie.

Baba anakusalimu sana. Jirani wote wanakusalimu, hata waliokusema. Zuleha hakutumi salamu, nisikudanganye. Mtarimbo upo mlangoni, baba ameshaunoa.

Ni mimi nduguyo akupendaye,
Mwanamkasi