Kumi na Mbili Toa Tano

Rafiki yangu Dua, leo mkaguzi kakaa nyuma ya darasa langu, nami nikajikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Nilichagua jibu la mwanafunzi mmoja, bila jina, nikaliandika ubaoni: kumi na mbili toa tano ni kumi na mbili. Nikauliza, "Aliyejibu hivi aliona nini?"

"Hakuona kitu," akasema mkaguzi. MKAGUZI, Dua.

Hazem akadakia, "Huyo punda, mwalimu!" Darasa likaangua kicheko.

Eya akasimama. Yule mgeni wa kutoka Tunis, ambaye tangu aje hajafungua mdomo. Nikajua nimemuua mtoto wa watu.

"Ni mimi. Tarakimu zenu nyingine nimezizoea, lakini hicho kiduara kwetu ni sifuri."

Kiduara! Ndivyo tunavyoiandika tano kwa tarakimu zetu za Kiarabu hapa Kairo, Dua. Maisha yangu yote sijawahi kuiona.

Hazem akauliza taratibu, "Mimi nakaa nyumba namba hamsini na tano. Kwenu nakaa wapi?"

"Sifuri sifuri. Kwetu huna nyumba, kaka."

Wote wakamvamia Eya kwa namba zao.

Mkaguzi ameandika kwamba siwezi kutuliza darasa. Ni kweli. Eya peke yake nimemnyamazisha mara tatu.