Baba, Nilinyamaza Kama Wewe

Baba,

Nilinyamaza! Live, redioni, Jumamosi, na bosi ananipigia kelele kwa sikio! Lakini ngoja, nikianza mbio hivi ulikuwa unasema, "Kanini, pumua kwanza."

Haya, nimepumua.

Siku tulikuzika, huyo bosi wako wa redio alisimama mbele ya watu akasema ati mgongo ulipoharibika ukashindwa kucheza golf, wao wakakuonea huruma, wakakupa maikrofoni utangaze golf. Huruma! Na watu wakasema amen. Nilikuwa nimeshika mkono ya Mama, nikaifinya mpaka akaninong'onezea, "Utanivunja." Mtu amecheza golf ya kulipwa mpaka Zambia, akarudi, akafanya wachunga ng'ombe wa Kajiado wabishane juu ya putt, ile ya kusukuma mpira polepole iingie shimo. Huko ni kushindwa?

Nilienda kwa ofisi yake nikamwambia nataka hiyo kazi yako. Akacheka. "Utangazaji umesomea wapi?" Nikamwambia, Kitengela, nyuma ya nyumba yetu. Si ni ukweli? Wewe ukipiga mipira kule kwa nyasi, kabla wajenge hizi nyumba za kupanga, na mimi na gunzi ya mahindi kwa mdomo natangaza mpaka mbuzi za watu zinatoroka. Na wewe bila hata kugeuka: "Mpira ikiwa juu, funga mdomo. Wacha msikilizaji aiangalie."

Unakumbuka ulivyofanya hiyo kitu ya kunyamaza redioni mara ya kwanza? Mama Mutua hapa jirani alidhani betri zimeisha, akazitoa, akazianika kwa jua! Jioni akakuja kukugombeza: "Baba Kanini, umeniharibia redio!" Ulicheka hadi ukashika mgongo.

Basi bosi akanipa siku moja tu, ile mashindano ndogo ya Kajiado. Nikiharibu, golf inatolewa kabisa, wanaweka salamu za wasikilizaji. Sawa. Nikaenda na viatu zako, nimejaza magazeti ndani zisitoke.

Shimo ya mwisho, kijana mmoja alikuwa lazima avushe mpira juu ya korongo ndio ashinde. Akapiga. Nikafunga mdomo.

"Ongea!" Bosi huyo, kwa earphone. "Msichana, ongea! Watu watahama stesheni!"

Nikasikia upepo. Kengele ya ng'ombe mbali. Mtu akakohoa. Wewe… wewe nilikuskia ukipumua hapo nyuma yangu, naapa. Sikuongea. Mpira ikashuka polepole, ikaanguka karibu na bendera ya shimo, na ndio nikasema, "Imefika."

Bosi hajanipigia mpaka leo. Mama anasema ningeongea tu kidogo, nipate kazi kwanza. Hapana. Ningepata kazi kwa hiyo kidogo, bosi angesema tena amenipa kwa huruma.

Lakini hiyo jioni Mama Mutua alikuja kwa mlango, redio kwa kwapa, hata hajasalimia. Akasema, "Leo sikugusa betri. Nilijua mpira iko juu."

Nikalia hapo kwa mlango kama mtoto. Mara ya kwanza tangu tukuzike.

Lala, Baba. Huyo bosi akininyima, nitaenda stesheni ingine, na ingine, na hizi viatu zako. Na popote watanipa maikrofoni, mpira ikipanda, nitanyamaza. Wangoje.

Mtoto wako,
Kanini