Sahani ya Kulwa

Mdogo wangu Shija,

Nakusabahi kutoka Bloomington, nikiwa kitandani zaidi kuliko kitini. Magoti yako yakoje? Na shemeji, kifua kimetulia? Huku Marekani theluji imeganda hadi dirishani, na daktari ameacha kunipangia miadi ya mbali. Unaelewa.

Umeniuliza mjukuu wako Neema atakula wapi huko Krakow, Poland, anakokwenda kusoma, kwa kuwa nami nilisoma pale ujanani. Asubuhi anunue mkate wa duara wenye ufuta kwenye vigari vya karibu na uwanja mkuu. Aule ungali moto, akisikiliza tarumbeta ya mnara wa kanisa, ambayo hukatika ghafla katikati ya wimbo. Mchana aende migahawa ya wanafunzi, aombe supu ya bitiruti na vile vifuko vya unga vilivyojazwa viazi na jibini. Vinashibisha. Chai wanaileta kwenye glasi, na kipande cha limau.

Kisha kuna mgahawa ulio chini ya ardhi, ngazi zake za mawe zimelika. Huo nilikuwa mteja wake. Siku moja mama mwenye mgahawa aliniletea bakuli mbili za supu. Nikamwambia niko peke yangu.

“Na huyu?” akauliza, huku akisogeza chumvi mbele ya kiti kitupu. “Ndugu yako ameiomba.”

Nilicheka. Akaendelea hivyo juma zima, akinilipisha bakuli moja. Halafu siku moja akaleta moja tu.

“Ameshaaga,” alisema.

Baada ya hapo ndipo ilipofika telegramu kwamba pacha wangu Kulwa amefariki kwa homa. Shija, hakuna mtu pale aliyejua kwamba nina pacha, wala kwamba Kulwa alitia chumvi hata kwenye chai.

Mama aliniandikia: “Mwenzako alipita kukuaga?” Unaijua desturi ya nyumba yetu: pacha akifa, sahani yake huandaliwa hadi ijulikane amemuaga mwenzake. Nikajibu hapana. Nilikuwa msomi, nikaona haya. Mama akaiandaa hadi kufa kwake, akakuachia wewe. Juzi kwenye simu nilikusikia ukimkemea Neema, “Toka hapo, ni pa Kulwa.” Umezeeka ukimpakulia.

Alikuja, Shija. Alikula, akaaga. Ifunike sahani yake, upumzike.

Ningeweza kufa na neno hili, ila jana Nyambura, Mkenya anayenihudumia hapa kwa mwanangu, alileta vikombe viwili vya chai.

“Hicho kingine cha nani?”

“Cha huyu ndugu yako, Mzee. Kwani mlitolewa kwa fotokopi? Lakini wacha nikuulize, kwenu mnatia chumvi kwa chai?”

Sijawahi kumwambia nina pacha. Nilitazama kiti cha dirishani. Sikuona kitu, ila pazia lilikuwa limesogezwa, kama Kulwa alivyopenda kukaa akiona njia.

“Mpe tu,” nikasema. “Ndivyo anavyokunywa.”

Neema asiuogope ule mgahawa. Akiletewa bakuli moja, ale kwa amani. Nisalimie shemeji, binti yako mkubwa anayekupikia, na yule mjane jirani aliyemfunga Mama sanda.

Nami nikienda, usiniandalie sahani. Wa kuagana naye ninaye hapa.

Kaka yako,
Doto