Tezi Uliyotaka Kumpa Weris

Garissa, Ijumaa baada ya swala

Kwa walaal, ndugu yangu Liban,

Assalamu alaikum wa rahmatullah. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wanao na ngamia wako, na kwamba visima vya Wajir bado vina maji. Sisi huku tu wazima, alhamdulillah. Mto umeshuka, joto limepanda, na soko la mifugo limejaa watu wanaolalamika. Barua naituma kwa mkono wa Abdikarim, anayekuja huko na pikapu yake, kwa sababu mambo haya nimeshindwa kukuambia kwenye simu. Kila nikikupigia unaanza kucheka kabla sijakusalimu, na mimi siwezi kueleza jambo zito mbele ya kicheko chako.

Nianze na mke wangu Weris. Unajua hali ya mkono wake wa kushoto tangu alipotibiwa saratani ya titi na kutolewa tezi za kwapani. Ulivimba hadi pete ikakatwa kwa koleo, na homa zikawa zinamwangusha mara kwa mara. Daktari alituonya kwamba homa moja ya namna ile inaweza kumwua. Ndipo akasema Nairobi wako wapasuaji wanaopandikiza tezi kwapani, ili maji yaliyokwama mkononi yapate njia.

Unaikumbuka qaaraan, ule mchango wa ukoo tulioitisha nyumbani kwangu. Tuliposikia tezi itapandikizwa, sote tulifikiri ni kama figo, lazima ndugu amtolee mgonjwa. Adeer Yarow, ami yetu, akauliza nani yuko tayari. Dada yangu Arbia akasema wanaume wa siku hizi hujitolea mbuzi tu. Watu wakacheka. Wewe ukasimama, ukasema zichukuliwe hata tatu, maana una mwili wa kuwatosha watu wawili. Watu wakacheka tena, lakini Weris, nyuma ya pazia, hakucheka. Nilimsikia jinsi asivyocheka.

Tulipokuwa Hulugho tukiwa vijana, wewe ndiye uliyetangulia kupeleka wazee wa posa kwa baba yake Weris. Mimi nilikuja nyuma yako nikakubaliwa. Nilidhani jambo hilo lilikwisha huko huko. Siku ya qaaraan ulipokaa chini nikatambua kwamba kwangu halijaisha. Nilienda kila mahali nikifikiria kipande cha mwili wako kikiishi ndani ya kwapa la mke wangu, nikaona afadhali uvimbe. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyofikiri.

Tulikwenda Nairobi. Daktari alimdunga rangi ya kijani katikati ya vidole, akazima taa, na kamera ikaonyesha kwenye skrini njia za maji ya mwili. Katika mkono mzima, rangi ilipanda kwa mistari iliyonyooka. Katika mkono mgonjwa ilitawanyika, kama laga, mto wa msimu wa mvua, inavyopotelea mchangani. Kisha akapitisha mashine nyingine shingoni, akitafuta tezi moja ndogo pamoja na mishipa yake ya damu. Nikamwuliza ndugu wa kutoa tezi aje lini. Alinitazama kwa mshangao. Akasema tezi ya mtu mwingine mwili ungeikataa. Hutoka kwa mgonjwa mwenyewe, na picha zile ni za kuchagua ile ambayo kuiondoa hakutaleta uvimbe mahali pengine.

Walaal, nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Weris aliniambia nikupigie siku hiyo hiyo, nikushukuru, nikuambie utulie. Nikasema nitafanya. Baadaye nikamwambia nimefanya. Sikufanya, na watu wengine wote walidhani unajua.

Upasuaji ulikwenda salama, sasa ni mwezi wa pili. Kidonda cha shingoni kimefunga. Mkono haujawa kama wa zamani, na bado anavaa soksi ya kuubana, lakini ngozi imelainika na homa haijarudi.

Juzi ulimpigia yeye mwenyewe. Ukamwambia umeacha miraa na sukari ili damu yako iwe safi, ukamwuliza mbona hatukuiti. Alikuja nilipokuwa nimekaa na kitabu, akasimama mbele yangu. Akasema, Oday, mzee wangu, mtu amekaa Wajir anangoja kisu, na wewe unafungua ukurasa. Nikajitetea kwamba ahadi yako haikukugharimu kitu, kwani hukuhitajika. Akaniuliza kama siku ile uliposimama ulilijua hilo.

Basi nikuambie na lililobaki. Watu niliwaeleza kwamba sikusimama kwa sababu nilikuwa natafakari maswali ya kumwuliza daktari. Wananijua kwa kusoma, wakaniamini. Haikuwa hivyo. Adeer Yarow alipouliza, niliogopa kisu. Nilitazama mkeka nikiomba mtu mwingine asimame, na ukasimama wewe. Dua yangu ilijibiwa, na mpaka leo sijakusamehe.

Weris anakusalimu sana. Anasema alikuwa amekwisha kata shauri kuukataa upasuaji, na kwamba siku ile, alipoona yuko mtu wa kukatwa kwa ajili yake, akaukubali. Nimeyaandika kama alivyoyasema, bila kupunguza.

Wasalimu wanao na majirani. Rudia miraa yako, na sukari pia. Njoo uuone mkono. Chumba cha wageni kimefagiliwa. Ila usikae siku nyingi.

Wako,
Salat